Damu Yangu Ilimtetea Dada Yangu

Ndugu zangu wa ufukweni, Tumsifu Yesu Kristo! Itikieni kwa nguvu, na wewe uliyeegemea ukuta kwa sababu kifua kinakubana, itikia hata kwa kunong'ona. Bwana husikia na pumzi fupi.

Nimeyaandika maneno yangu kwenye karatasi, mnisamehe. Moyo wangu siku hizi hautaki nitafute maneno nikiwa nimesimama. Jina langu ni Remigius. Kule milimani, upande wa Litembo, huniita Baba Eginald. Nilisoma sekondari hadi kidato cha nne, nikawa karani wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka mingi, mpaka soko huria lilipokuja, chama kikalegea, na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda kwetu na malori yao. Sasa ni mzee, na nimeteremka kwenu na ushuhuda.

Lakini lazima niwaambie kwanza jambo linalonichoma. Huu ni ushuhuda wangu wa pili. Ule wa kwanza niliutoa mwaka juzi kule mlimani, kwenye mkusanyiko wa sala. Baadhi yenu mlipanda, mliusikia kwa masikio yenu. Wengine mliletewa huku. Ndugu zangu, ule ushuhuda haukuwa wa kweli! Mimi niliuamini, naapa, lakini haukuwa wa kweli, na aliyeumia hakuumia kidogo eti kwa sababu mimi niliamini.

Mnamjua mdogo wangu Otilia. Aliolewa huku kwenu, amezaa huku, amezika mume huku. Mama yetu alipokuwa anakaribia kufa alisema mbele yangu kwamba mistari mitatu ya kahawa iliyo nyuma ya nyumba ni ya Otilia. Mimi nilinyamaza. Kwetu binti akiolewa huondoka na vyombo vyake, miti hubaki kwa kaka. Kisha soko huria likaja, kila mti wa kahawa ukatazamwa kama ng'ombe wa maziwa, na Otilia akapanda mlima kuniuliza kuhusu mistari yake.

Nikamwambia, "Miti haiolewi, Otilia. Umeolewa wewe."

Alicheka. Alidhani natania. Alipoona sicheki, alifunga kitambaa chake vizuri, akaaga, akateremka. Na baada ya wiki chache akanitumia samaki kama alivyonitumia siku zote, kana kwamba sikusema kitu. Ndugu zangu, tangu siku ile nilianza kumwogopa. Nilikuwa nimemnyima haki yake, kisha nikamwogopa yeye, kana kwamba mdhulumaji ni yeye!

Samaki wenyewe mnawajua kuliko mimi. Mbasa, mkubwa, amepasuliwa mgongoni. Miezi ya jua mnamkausha hivihivi. Miezi ya mvua, jua likijificha, mnampaka chumvi mpaka anakuwa mweupe kama ukuta wa kanisa. Otilia alijua tangu utoto wetu kwamba mimi napenda chumvi. Wa kwangu alimzidishia.

Sasa niwaambie ugonjwa ulivyoanza, maana ulianza kama ndoto. Mchana, baada ya chakula, nilikuwa nakaa barazani kwenye kiti changu cha kuegemea. Ukungu unapanda kutoka bondeni, na mashamba ya ngoro kule ng'ambo, vishimo kwa vishimo, yanaonekana kama sega la nyuki lililoning'inizwa mawinguni. Nikisinzia, naliona ziwa linapanda. Limetoka huku kwenu, linapanda polepole bila kelele, limejaza mabonde, limefunika minara, limefika kizingitini kwangu, linaingia mwilini mwangu kwa miguu. Silikimbii. Nakaa tu nikilitazama, kama mtu anayetazama mvua ya jirani. Nikizinduka nakohoa. Nikiangalia miguu, imejaa kweli. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki, kama kishimo cha ngoro.

Nikawa siwezi kulala bila mito mitatu mgongoni. Kutoka mlangoni hadi kwenye mashine ya kumenya kahawa si mbali, mtoto anakimbia bila kuhema, lakini mimi nilipumzika mara tatu. Na miaka ya nyuma muuguzi wa zahanati alishanipima presha, akasema iko juu, akanipa vidonge. Nilivimeza mwezi mmoja, nikajisikia mzima, nikaviacha. Kosa hilo ni langu, sina wa kugawana naye.

Lakini karani haugui bila daftari. Nilichukua daftari la shule, nikachora mstari katikati. Upande huu naandika siku samaki wa Otilia walipofika. Upande wa pili naandika siku miguu ilipovimba. Samaki wamefika, siku ya tatu miguu. Samaki wamefika tena, siku ya tatu miguu. Safari iliyofuata, siku ya pili tu! Na miezi ambayo samaki hawakuja, miguu ilinywea, nikalala kwa mto mmoja. Nikapiga rula chini yake. Nikasema, mchawi wangu nimempata, na ushahidi ninao kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mke wangu alibishana na daftari lile.

"Baba Eginald, samaki hao tunakula wote. Mbona mimi sivimbi?"

"Kwa sababu hawajatumwa kwako."

"Ala! Kumbe uchawi unasoma anwani, kama posta!"

Sikucheka. Nikaita kikao cha ukoo. Nikasoma daftari kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisoma taarifa kwenye mkutano wa chama, na watu wakatikisa vichwa. Otilia alikuwa ameitwa. Alikaa kwenye mkeka, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Aliposikia, alisema, "Kaka, mimi nakuletea kitoweo. Wewe umekiandika kifo?"

Mnajua desturi ya kwetu. Anayeshtakiwa uchawi hupelekwa kwa mganga akanyolewe, anyweshwe dawa, ili nguvu zake zikatike. Otilia angeweza kukataa, akarudi zake huku ziwani. Hakukataa. Alinitazama jinsi nilivyokuwa nikivuta pumzi, mabega yanapanda na kushuka, akasema, "Kama pumzi yako iko kwenye nywele zangu, kaka, zichukue."

Akanyolewa. Mchana kweupe, uani kwa mganga, watu wamejaa. Nilikuwepo, ndugu zangu! Mimi nilipewa kiti. Nilizitazama nywele za mdogo wangu zikianguka kwenye vumbi, nikajidanganya kwamba kifua kinafunguka.

Na sikilizeni ubaya wa jambo hili: nilipona! Samaki walikoma kuja, maana nani angemtumia samaki mtu aliyemnyoa? Wiki mbili, miguu ikanywea. Mwezi, nikalala. Nikafika kwenye mashine ya kahawa bila kupumzika. Ndipo nikasimama kwenye ule mkusanyiko, nikawaambia Bwana amenifunulia adui, adui ni damu yangu mwenyewe, alikuwa akinijia na samaki mkononi. Mganga sikumtaja, nilijua asingependeza mahali pale. Mkapiga makofi, mkaimba. Nikarudi kwenye benchi langu nikilia machozi ya furaha.

Maneno yangu yalishuka huku haraka kuliko lori. Mnajua yalichofanya. Wachuuzi hawakutaka samaki wa Otilia wachanganywe na wengine kwenye tenga. Kina mama mliokuwa mnaanika dagaa wa usipa pamoja naye mlihamisha vichanja vyenu, kimoja kimoja, mpaka chake kikabaki peke yake mchangani. Kwenye kwaya mkamwambia apumzike kwanza. Akawa anakaa karibu na mlango, anatoka kabla ya wengine. Siwalaumu. Mliambiwa na mtu aliyekuwa amesimama mbele ya msalaba.

Mimi kule juu nikaendelea kuota ndoto nzuri. Mpaka mwanangu Eginald aliporudi kutoka Songea, basi likasimama Kitai, akaona mbasa wa chumvi, wazuri, akaninunulia zawadi. Ndugu zangu, nilikula siku tatu mfululizo, kwa hamu ya mtu aliyefungiwa! Siku ya nne ziwa likapanda. Safari hii halikuja polepole. Lilikuja mpaka shingoni. Midomo ikawa ya bluu, nikawa nakohoa povu.

Nikasema, "Ni Otilia! Amenifuata mpaka kwa watu wa Kitai!"

Mke wangu alikuwa ananishika mgongo. Alisema bila kupandisha sauti, "Yule muuza samaki wa Kitai, Mwislamu wa watu, babu zake wa Kilwa huko, naye alizaliwa na mama yako?"

Nikamwambia anyamaze.

"Sinyamazi. Basi twende tukamnyoe na yeye. Tena yule ana upara, mganga atanyoa nini?"

Majirani waliokuja na machela walicheka, na mimi katikati ya kufa kwangu nikaona aibu. Wakanibeba kwa zamu kwenye vijia vya mlimani. Nakumbuka migomba ikipita juu yangu, na anga jeupe, na sauti zao zikitoka mbali, kama watu wanaoongea ng'ambo ya maji. Nilihisi naelea. Sikuogopa kufa, ndugu zangu. Niliogopa jambo ambalo mke wangu alikuwa amelisema.

Hospitali ya misheni walinipa hewa puani na sindano ya kukojoa. Nilikojoa ziwa zima! Kwenye kitanda cha pembeni yangu alilala mzee mwingine, fundi seremala. Tulikohoa sawa, tulihema sawa, mtu akitutazama angesema ni ugonjwa mmoja. Na hapo hospitalini, kwa rehema za Mungu, alikuwepo daktari wa moyo, mwanamama, aliyekuja kutoka mbali kwa wiki chache tu, na kimashine alichokuja nacho yeye mwenyewe, kidogo kama redio ya mezani.

"Shikamoo baba," aliniambia. "Nataka kuuliza damu yako swali moja."

Akachukua damu mkononi mwangu, na ya seremala pia. Akadondosha matone kwenye kibamba cha plastiki, akakiingiza kwenye mashine. Tukasubiri kama robo saa. Katika robo saa ile nilisinzia, nikamwona Otilia anatembea juu ya maji, kichwa chake hakina nywele kinang'aa, ana kapu, anakuja kwangu, na kila hatua anayokuja maji yanapungua. Nikataka kumwambia arudi.

Mashine ikatoa namba. Daktari alisema wenye moyo mzima kwa kawaida namba yao haifiki mia. Ya seremala ilikuwa chini ya mia: tatizo lake lilikuwa mapafu, si moyo. Yangu ilikuwa na tarakimu nne.

Nikamwuliza namba hiyo inahesabu nini. Akavuta kiti. Ndugu zangu, nawaambia alivyoniambia, maana maneno yale kwangu yalikuwa kama mahubiri.

"Baba, moyo ukizidiwa na mzigo, unatanuka. Ukitanuka, nyama yake yenyewe inatoa kitu, inakimwaga kwenye damu. Kitu hicho kinakwenda kwenye figo kuziambia: toeni chumvi, toeni maji! Kinakwenda kwenye mishipa kuiambia: legeeni kidogo, nipumue! Moyo unavyozidi kuelemewa, ndivyo unavyotoa kingi. Hicho ndicho tunachopima."

"Kwa hiyo moyo unajitibu wenyewe?"

"Unajaribu. Unakomba maji usiku na mchana. Swali ni nani anayemimina."

Alisema pia kwamba namba peke yake si hukumu. Umri huipandisha, figo mbovu huipandisha, ndiyo maana alinisikiliza kifua, akaangalia shingo na miguu, akanipiga picha. Vyote vilisema neno moja: presha niliyoidharau miaka yote imeuchosha moyo.

Ndipo mke wangu akafungua khanga yake. Alikuwa amefunga kikombe, sahani, na lile daftari. Sikujua amelibeba. Alimpa daktari.

Daktari alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. "Nani ameandika hili?"

"Mimi."

"Kazi safi sana, baba. Wagonjwa wangu wangekuwa wanaandika hivi!" Mniamini, katika hali ile nilijisikia fahari. Akauliza, "Hawa samaki ni wa chumvi?"

"Weupe kwa chumvi."

"Basi umejibu mwenyewe. Chumvi inashika maji. Ukila chumvi nyingi, maji yanabaki mwilini, moyo unazama. Siku mbili, siku tatu, miguu inavimba. Ukiacha, inanywea. Uliona vizuri kabisa."

"Mbona mke wangu havimbi?"

"Moyo wake haujachoka, unaitoa chumvi. Wako hauwezi tena."

Nikamwuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Mtu gani, baba?"

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Dada yake, daktari. Tulimnyoa."

Daktari aliweka daftari kitandani taratibu. Nje watoto wa wagonjwa walikuwa wanacheza, na sauti zao zilinifikia kana kwamba zinapita kwenye pamba. Ndugu zangu, nililia! Nililia mpaka seremala wa kitanda cha pili akageuka akanishika mkono. Miezi yote ile nilipokuwa namshitaki Otilia, moyo wangu mwenyewe ulikuwa humo ndani unamtetea. Ulikuwa unaandika kwenye damu yangu, kila siku, kwamba mzigo ni chumvi, mzigo ni maji, mzigo ni presha. Nami sikuisoma damu yangu. Nilisoma daftari, na nililisoma kwa hofu ya mtu aliyedhulumu.

Niliomba padre. Nikaungama yote, na mganga, na makofi, na mistari ya kahawa. Akanipa sala chache za malipizi, kisha akasema, "Zilizobaki ziko ufukweni."

Nikaanzishiwa dawa ya kukojoa na dawa ya kuupunguzia moyo mzigo, na vidonge hivyo ni vya maisha yangu yote. Chumvi ikaondoka jikoni. Wiki zikapita. Kabla daktari yule hajaondoka na kimashine chake alinipima tena: namba ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Haikufika kwenye uzima, na aliniambia ukweli kwamba huenda isifike. Lakini nilikuwa natembea! Nikamwambia Bwana, asante, miguu hii umenipa kwa kazi gani, najua.

Mvua zilipoisha nikapanda lori mpaka Mbamba Bay, kisha nikatembea kwa kupumzika. Ziwa halikuwa na mawimbi. Kwa mbali makundi ya wale wadudu wadogo wa ziwani yalikuwa yamesimama juu ya maji kama moshi, na nilidhani bado naota. Nikamwona Otilia kwenye kichanja chake, peke yake, anageuza usipa.

Akaniona. Akafuta mikono. "Shikamoo kaka."

Ndugu zangu, neno la kumjibu halikutoka. Marahaba ni neno la mkubwa, na mimi nilikuwa mdogo kuliko mchanga ule. Nikasema, "Shikamoo, Otilia."

"Una homa?"

"Sina."

"Basi mbona unaniamkia? Jua limekupiga."

Nikapiga magoti. Alinishika kwapa akasema, "Inuka, inuka, pumzi yako haitoshi kwa mambo hayo." Tukakaa chini. Nikamweleza yote, damu, namba, chumvi. Kitambaa kilikuwa kimeteleza, nikaziona nywele zake: zimeota tena, nyeupe zote.

Alijifunga kitambaa upya. Kisha alisema jambo ambalo sikulitegemea. "Kwa hiyo kweli ni mimi niliyekuwa nakuua. Nilizidisha chumvi kwa sababu unaipenda."

Niliruka kama niliyechomwa! Nikamwambia hapana, hapana, Otilia, aliyeacha vidonge ni mimi, aliyekataa kupimwa kwa kiburi ni mimi, wewe uliniletea kitoweo. Tukalia pamoja, watu wazima, mbele ya usipa. Mistari mitatu ya kahawa nilishaiandika kwa jina lake mbele ya serikali ya kijiji. Aliniambia magoti yake hayapandi tena mlima, nimwonyeshe binti yake mipaka. Nimemwonyesha.

Nikamwomba msamaha. Akanipa. Lakini akasema hivi, na ndiyo sababu nimesimama hapa: "Nimekusamehe, kaka. Ila msamaha wangu hauniletei mtu wa kuanika naye samaki. Ulinisema mbele ya watu nikiwa sipo. Nenda kaniseme mbele ya watu nikiwepo."

Basi sikieni, ndugu zangu, na wachuuzi mlioko nje dirishani sikieni. Otilia hakuniroga! Otilia hajamroga mtu yeyote. Alinyolewa bila kosa, kwa neno langu, na nililolisema mbele ya Mungu mwaka juzi nalifuta leo mbele ya Mungu huyohuyo. Kama kuna wa kuogopwa katika habari hii, ni mzee mwenye elimu kidogo na dhamiri mbaya.

Namshukuru Bwana aliyeficha ukweli ndani ya damu yangu, mahali ambapo ulimi wangu haukuweza kuupotosha. Namshukuru kwa mikono ya yule daktari, na kwa mdomo wa mke wangu. Bwana hakuniponya kwa kuniondolea vidonge. Ameniponya kwa kunipa akili ya kuvimeza.

Na wewe ambaye miguu inavimba, ambaye unahema ukipanda kilima kidogo, ambaye umeshaanza kumtazama jirani au mkwe au dada kwa jicho la pembeni: kabla hujalitaja jina la mtu, nenda hospitali. Kama hakuna kimashine kile, na vingi havijafika kwetu bado, wapo wanaojua kusikiliza kifua na kupima presha. Nenda na sala zako zote, usiache hata moja nyumbani. Mtumaini Mungu. Haogopi kupimwa, na ukweli wake hautaharibu nyumba yako.

Nimemaliza. Pumzi yangu imefika mwisho wa karatasi. Otilia, mdogo wangu, simama hapo mlangoni watu wakuone. Njoo mbele. Kina mama wa kwaya, sogeeni kidogo kwenye benchi lenu, mpisheni akae.